Mafuta ya tiba ya Unguja

Mafuta ya tiba ya Unguja ni mafuta ya mimea yanayotumika katika tiba asili ya kisiwa cha Unguja, Zanzibar (Tanzania), kwa kuchua viungo, kukanda wazazi, kupaka ngozi na nywele, na mara chache kwa kunywa. Msingi wake huwa ni mafuta ya nazi, ya ufuta, ya habasoda au ya mbarika, ambamo hutiwa majani, mizizi, magome, mbegu au viungo vya chakula. Ujuzi wa kuyatengeneza hupokezanwa zaidi ndani ya familia, kutoka kwa mzee kwenda kwa mtoto au mjukuu. Huuzwa katika maduka ya dawa za miti shamba na masokoni, hasa Darajani kando ya Mji Mkongwe na Mwanakwerekwe katika Wilaya ya Magharibi B.

Mafuta haya yana undugu wa karibu na Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, lakini si Ayurveda tupu. Yamechanganya mambo matatu: maarifa ya mimea ya wenyeji wa pwani, tiba ya Kiyunani iliyokuja kwa lugha ya Kiarabu, na dawa zilizoletwa na wafanyabiashara na wahamiaji kutoka India.

Asili

Jina Ayurveda limetokana na maneno mawili ya Kisanskriti, āyus (maisha, umri) na veda (elimu). Vitabu vyake vikuu ni Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridaya cha Vagbhata. Mafundisho yake yanasema mwili unatawaliwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba maradhi huja zinapopoteza uwiano. Mafuta yamepewa nafasi kubwa katika tiba hii, kwa sababu vata, inayofananishwa na upepo, hudhaniwa kuwa kavu na baridi, na mafuta ya moto ndiyo kinyume chake.

Wanafunzi mara nyingi huchanganya Ayurveda na tiba ya Kiyunani. Hii ya pili ilianza kwa Wagiriki, ikaendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu kama Ibn Sina, nayo huhesabu majimaji manne ya mwili badala ya nguvu tatu. Hata hivyo mipaka ya tiba hizi mbili ilianza kufifia mapema sana. Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari, aliyemaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma mwaka 850, aliweka mwishoni mwake sehemu nzima inayoeleza tiba ya Wahindi, akiwataja Charaka na Sushruta. Kwa hiyo sehemu ya elimu ya India huenda ilifika pwani ya Afrika ikiwa imevaa kanzu ya Kiarabu, kabla ya duka la kwanza la Mhindi kufunguliwa Unguja.

Njia ya pili ilikuwa ya moja kwa moja. Majahazi ya Kutch, Kathiawar na pwani nyingine za magharibi ya India yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Biashara hiyo ilikua sana katika karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alipofanya Unguja makao yake, na familia nyingi za Kihindi zilihamia mjini. Pamoja na nguo na nafaka zilikuja dawa kavu: manjano, uwatu, sanamaki, mvuje, kafuri. Maduka ya viungo yalikuwa pia maduka ya dawa, na mengi bado ni hivyo. Isidhaniwe kwamba Wahindi wa Unguja walitegemea miti shamba peke yake. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, ndiye aliyeanzisha mwaka 1887 ujenzi wa jengo la ghorofa la barabara ya Mizingani ambalo baadaye lilitumika kama zahanati kwa matibabu ya kisasa, na ambalo watu huliita Zahanati ya Kale.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wahindi wengi waliondoka kwenda Tanzania Bara, Kenya, Uingereza na kwingineko. Waliondoka na vitabu na siri zao, lakini bidhaa na majina yake yalibaki. Maneno yenyewe yanaonyesha njia: pilipili inatokana na pippali ya Kisanskriti, mdalasini ni dar-sini ya Kiajemi iliyopitia Kiarabu, maana yake mti wa China, na mrehani ni rayhan ya Kiarabu. Mwarobaini (Azadirachta indica) ni mti wa Bara Hindi, lakini jina lake ni la Waswahili wenyewe, waliouhesabia kutibu maradhi arubaini.

Moto, baridi na majimaji ya mwili

Mganga wa Unguja haanzi kwa kutaja vata au pitta. Husema mwili umeingia baridi, au mtu ana joto la ndani, au damu imechafuka. Tangawizi, karafuu, pilipili manga na habasoda ni vitu vya moto. Maji ya dafu na tango ni vya baridi. Maradhi ya baridi, kama maumivu ya viungo au mgongo wa mzazi, hutakiwa mafuta yenye viungo vya moto.

Alama za majimaji manne ya Kiyunani zimebaki katika lugha. Balghamu, ambalo kwa Waswahili ni kohozi, ni moja ya hayo manne. Safura lilikuwa jina la nyongo ya manjano kwa Kiarabu. Katika Kiswahili limekuja kuwa ugonjwa wa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, huenda kwa sababu mgonjwa hupauka na kugeuka rangi. Waganga wenye elimu ya vitabu hutumia pia Kitab al-Rahma fi al-Tibb wa al-Hikma, kitabu kinachonasibishwa na al-Suyuti na kinachojulikana sana pwani, ambamo dawa za mimea zimeandikwa pamoja na dua.

Utengenezaji

Mafuta ya nazi ya kupika ndiyo ya nyumbani zaidi. Nazi zilizokomaa hukunwa kwa mbuzi, tui zito hukamuliwa, kisha huchemshwa polepole katika sufuria pana. Maji hupungua, tui hukatika, na mafuta huelea juu ya mashata yanayogeuka rangi ya kahawia. Mpishi huangalia mashata hayo: yakiwa meupe mafuta bado yana maji, yakiwa meusi yameungua na mafuta yatanuka moshi. Dawa hutiwa wakati tui linachemka ikiwa ni majani mabichi, au katika mafuta yaliyokwisha tengana ikiwa ni mbegu kavu zilizotwangwa. Wengine hawapiki kabisa bali huloweka dawa katika chupa ya mafuta na kuianika juani kwa siku kadhaa. Njia hii inafaa kwa maua ya asumini na mlangilangi, ambayo harufu yake hupotea motoni.

Katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, mafuta ya nazi hupikwa kwa njia iyo hiyo, kutoka kwenye tui na si kutoka kwenye mbata, nayo huitwa urukku velichenna. Huko pia ni mafuta ya kumpaka na kumchua mtoto mchanga. Pwani mbili zenye minazi na upepo mmoja zinaweza kufikia jambo hilo kila moja kwa akili yake, na si lazima mmoja awe amemfundisha mwingine.

Ayurveda imeweka kanuni za upishi huu kwa maandishi. Mafuta ya dawa huitwa taila, neno lililotokana na tila, yaani ufuta, kwa kuwa mafuta ya ufuta ndiyo yaliyohesabiwa kuwa mama wa mafuta yote. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya dawa iliyosagwa kuwa uji mzito, sehemu nne za mafuta, na sehemu kumi na sita za maji, maziwa au mchemsho wa mizizi. Vyote hupikwa kwa moto mdogo mpaka maji yote yaishe. Dalili za kuiva ni tatu: dawa iliyosagwa inaweza kufinyangwa kwa vidole ikawa kama utambi, ikitupwa motoni haitatariki, na povu hutokea juu ya mafuta. Kwa samli dalili ya mwisho ni kinyume, povu hutulia. Charaka hutofautisha pia viwango vya kuiva: yaliyoiva kidogo ni ya kutia puani, ya kati ni ya kunywa, na yaliyoiva sana ni ya kuchua. Mafuta mengine hurudiwa mara nyingi. Yale yaitwayo kshirabala, ya ufuta, maziwa na mmea wa Sida cordifolia, yana aina inayopikwa mara 101.

Jaribio la moto lina sababu inayoeleweka kwa elimu ya kawaida ya sayansi. Maji yaliyobaki ndani ya mafuta hugeuka mvuke ghafla yanapokutana na moto, na ndiyo sauti ile ya kutatarika. Maji hayo hayo ndiyo huruhusu vijidudu kuota na mafuta kuchacha. Mpishi wa Unguja anayesikiliza sufuria mpaka inyamaze anafanya jaribio lile lile bila kulipa jina.

Matumizi

Matumizi yaliyoenea zaidi ni ya uzazi. Katika siku arubaini baada ya kujifungua, mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta tumboni, mgongoni na miguuni, na tumbo hufungwa kwa kitambaa. Kazi hii hufanywa na mkunga wa jadi au mwanamke mzee wa ukoo. Mtoto naye hupakwa mafuta ya nazi na kunyooshwa viungo. Faida ya sehemu hii imepimwa: utafiti uliochapishwa India mwaka 2005 uliona watoto wachanga waliochuliwa kwa mafuta ya nazi wakiongezeka uzito kuliko waliochuliwa kwa mafuta ya madini au unga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati.

Waunga mifupa na wachuaji hutumia mafuta ya ufuta au mbarika yaliyotiwa tangawizi, karafuu na pilipili manga kwa misuli iliyokaza, mishipa na maungo. Mafuta ya habasoda (Nigella sativa) yanatumika kwa kifua na ngozi, na heshima yake kwa Waislamu inatokana pia na hadithi ya Mtume inayoisifu mbegu hiyo. Ndiyo maana maduka mengi huyauza kwa jina la tiba ya Sunna. Mafuta ya mwarobaini hupakwa penye upele na chawa. Kwa harusi kuna singo, mchanganyiko wa karafuu, liwa, mrehani na maua anaosingwa nao bibi harusi. Singo ni urembo zaidi kuliko tiba, ingawa mikono inayoiandaa mara nyingi ni ile ile inayokanda wazazi.

Mafuta ya karafuu ni jambo la pekee, maana si ya kuloweka bali hukenekwa kwa mvuke. Katika kiwanda cha Wawi, Pemba, hukenekwa kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kiini chake, eujenoli, hutia ganzi, na madaktari wa meno duniani kote hukitumia pamoja na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Hapa dawa ya bibi na dawa ya kliniki ni kitu kimoja.

Urithi wa familia

Kwa Kiswahili mtu anayeachiwa kazi ya uganga husemwa amerithi mkoba. Mrithi si lazima awe mtoto wa kwanza, wala mwanamume. Mzee humchagua yule anayemwona mtulivu na mwenye kumbukumbu, akamtuma kuchimba mizizi, kutwanga, kuchochea sufuria, na kwa miaka mingi hamwambii kipimo. Kipimo hutolewa mwishoni. Ujuzi wa mkono, kama vile kukanda, hujifunzwa kwa kutazama na hauna siri kubwa. Siri iko katika mchanganyiko, na ndiyo inayoipa familia jina na riziki.

Desturi hiyo imefaa kwa muda mrefu: inazuia asiyejua kuuza dawa, na inamfunga mganga na sifa ya babu zake. Ubaya wake ni kwamba mnyororo hukatika kwa pete moja. Mzee akifariki kabla ya kutoa kipimo, au mjukuu akienda chuoni na asirudi, mafuta yanayobaki ni yale yaliyomo katika chupa.

Kerala inaonyesha njia nyingine ya kulinda urithi wa namna hiyo hiyo. Huko kulikuwa na familia za Kibrahmani ziitwazo Ashtavaidya, ambazo kwa mapokeo huhesabiwa kumi na nane, zilizojulikana kwa kushika matawi yote manane ya Ayurveda. Nazo zilirithishana nyumbani, lakini mrithi alitakiwa kuhifadhi Ashtanga Hridaya kwa moyo. Siri za familia zilisimama juu ya kitabu kilichojulikana na wote. Mwaka 1902 tabibu P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala huko Kottakkal, akaanza kutengeneza dawa kwa wingi na kuziuza zikiwa tayari, na mwaka 1917 akafungua shule ya Ayurveda. Familia ya Mooss ya Thaikkattussery, mojawapo ya Ashtavaidya, ilianzisha kiwanda chake cha Vaidyaratnam mwaka 1941. Familia hizo zilipoteza sehemu ya siri na zikapata shule, hospitali na wanafunzi.

Suala la maandishi lilipata uzito mpya mwaka 1995, ofisi ya hataza ya Marekani ilipokipa chuo kikuu cha huko haki ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, likaleta maandiko ya zamani kuonyesha kwamba jambo hilo halikuwa jipya, na hataza ikafutwa mwaka 1997. Hataza ya Ulaya juu ya mafuta ya mwarobaini kama dawa ya kuvu ilitolewa mwaka 1994, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa yake ikashindwa mwaka 2005. Kutokana na kesi hizo India iliunda kuanzia mwaka 2001 maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi, inayotafsiri maandiko ya Ayurveda na ya Kiyunani kwa ajili ya wakaguzi wa hataza. Mei 2024 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aeleze asili ya rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyoyatumia.

India ilishinda kesi ya manjano kwa sababu ilikuwa na karatasi. Mchanganyiko wa mafuta uliomo katika kichwa cha mkunga wa Unguja hauna ushahidi wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, kuuandika na kuutangaza kunaweza kumpotezea mkunga huyo wateja siku hiyo hiyo. Ndiyo maana waganga wengi husita kumwambia mtafiti kila kitu, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya kusita huko si ujinga.

Sheria

Afya si jambo la Muungano, hivyo Tanzania ina sheria mbili. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2008. Zote zinatambua waganga, zinaunda baraza na kutaka usajili. Kwa mgawanyo huu, mkandaji wa Kiunguja yuko upande wa tiba asili, na mtaalamu wa Ayurveda aliyesoma India yuko upande wa tiba mbadala, hata wakipika mafuta yanayofanana.

Kimataifa, Azimio la Alma-Ata la 1978 liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushiriki katika huduma ya afya ya msingi, na tarehe 31 Agosti huadhimishwa kama Siku ya Tiba Asili ya Afrika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizindua kituo chake cha tiba asili huko Jamnagar, Gujarat, katika pwani ile ile ya Kathiawar walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Zanzibar.

Usalama

Mafuta ya kupaka kwa kawaida hayana madhara makubwa, lakini kuna mambo yaliyothibitishwa. Mafuta ya mwarobaini hayafai kunyweshwa watoto: ripoti iliyochapishwa mwaka 1981 kutoka Malaysia ilieleza watoto wachanga waliopata degedege na madhara ya ini na ubongo baada ya kunyweshwa. Kafuri na mafuta ya karafuu pia ni sumu kwa mtoto akiyameza. Kwa dawa za kumeza za Ayurveda zinazoagizwa kutoka nje, utafiti wa mwaka 2004 katika maduka ya Boston, Marekani, ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika bidhaa 14 kati ya 70. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa madini kwa makusudi, jambo ambalo mafuta ya Unguja hayana.

Hatari kubwa zaidi haimo katika chupa bali katika muda. Mzazi mwenye homa, anayetokwa na damu nyingi au mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma hatakiwi kukandwa wala kuchuliwa, kwani huenda ana maambukizi au damu iliyoganda mshipani. Anatakiwa kufikishwa hospitali. Mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi ni hivyo hivyo. Mtoto mchanga hatiwi mafuta ya aina yoyote kwenye kitovu kibichi, puani wala masikioni.